Pua za Mitamba Kumi

Saa mbili na robo asubuhi Inspekta alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo la majivu, kalamu kaibana kwa meno, na Sajini kasimama hatua kumi nyuma yake, leso puani. Ndani ya shimo lile walikuwa wamechomwa mitamba kumi. Kilichobaki ni majivu, vipande vya mifupa na harufu iliyogoma kuondoka.

Kituoni kwao Inspekta huyo aliitwa Bi Wino. Kabla ya kukabidhiwa majalada ya wizi mkubwa na mauaji alikuwa ametumikia miaka kumi na minne katika ofisi ya alama za vidole, na mwenyewe alipenda kusema kwamba wino ule ulishamwingia hadi kwenye mifupa. Sajini, mtu mwenye mwili wake aliyebakiza miezi minane astaafu, alikuwa amemfuata katika kesi za kila namna bila kunung'unika. Ila leo, tangu wapite lango la kituo hiki cha utafiti wa mifugo, alikuwa hana raha. Aliwaogopa ng'ombe. Alisema wazi, bila haya, kwamba jambazi mwenye panga angalau unajua anataka nini.

Aliyewaita alikuwa mtafiti mkuu wa chanjo, ambaye kila mtu pale alimwita Daktari, kana kwamba hakuna daktari mwingine. Kwa miaka kumi na mmoja Daktari alikuwa akitengeneza chanjo ya chambavu, ugonjwa ule ambao asubuhi ng'ombe anachechemea, mchana paja limevimba na kuvunda angali hai, na kesho yake mwenyewe anatafuta watu wa kumsaidia kuchimba shimo. Chanjo ya zamani ilikuwepo, lakini tangu mwaka jana walikuwa wamezuka vijidudu vya aina nyingine ambavyo haviikubali. Mazizi yalikuwa yanakwisha. Wafugaji walikuwa wakija hadi langoni kuuliza.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Wiki saba nyuma waliletwa mitamba ishirini. Kumi wakapigwa chanjo mpya na kuvishwa masikioni hereni za plastiki za njano, namba moja hadi kumi. Kumi wakapigwa maji ya chumvi tu na kuvishwa hereni nyeupe, kumi na moja hadi ishirini. Siku kumi zilizopita wote ishirini wakadungwa vijidudu vya chambavu. Kama chanjo ni kweli, wa njano wangesimama na weupe wangeanguka.

Wakaanguka watano wa njano na watano weupe.

Kwa hesabu hiyo chanjo ilikuwa sawasawa na maji. Bodi ya kituo ilikuwa inakutana siku hiyohiyo, saa nane mchana, kufunga mradi. Vijidudu vyote vilivyofugwa kwenye chupa kwa miaka kumi na mmoja vingetiwa kwenye chungu cha mvuke na kuchemshwa hadi vife.

"Wamewekewa sumu," Daktari alisema. Alikuwa na koti jeupe lililokosa kifungo kimoja, na macho ya mtu aliyesahau kula. "Watano wangu wamewekewa sumu, Inspekta, na aliyewawekea analitaka jengo langu. Nenda ghorofa ya pili, mlango wa kushoto."

Mlango wa kushoto ulikuwa wa Naibu Mkurugenzi.

Bi Wino hakukimbilia huko. Kwanza aliomba kuona zizi, na aliyewafungulia alikuwa mtunza stoo, mtu mpole wa miaka arobaini hivi mwenye fungu la funguo kiunoni. Naye alikuwa na jina la kazi yake tu, Stoo. Sura yake ilimfanya Sajini amtazame mara mbili, kwa kuwa alikuwa Daktari yuleyule, ila aliyenenepa kidogo. Kumbe ni mdogo wake, tumbo moja. Stoo alieleza kwamba zizi lina kufuli moja na funguo tatu: moja kwa Daktari, moja kwa Naibu, ya tatu ile aliyoishika. Chakula cha mitamba kilitoka mikononi mwake. Bila kuambiwa, alikuwa ameshatenga kilo moja ya pumba, kipande cha jiwe la chumvi na chupa ya maji ya hodhi, akavifunga na kuviandika tarehe, kama polisi watataka kuvipima.

Sajini alinong'ona kwamba mtu huyu angefaa kuwa askari. Bi Wino alikubali, akavipokea vile vitu vitatu.

Naibu aliwapokea akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa suti na wa maneno machache, na alionekana kuwa alishajua kwamba ametajwa. Kabla hawajakaa alisema ndiyo, analitaka jengo lile, ameliandikia barua nne, na nakala zipo. Alitaka maabara ya maziwa. Kisha akafungua kabati, akatoa jalada na bahasha ya kaki, akavisukuma mezani.

Jalada lilikuwa la uchunguzi wa mizoga. Mitamba wote kumi walipasuliwa kabla ya kuchomwa, na aliyewapasua alikuwa Naibu mwenyewe pamoja na mganga wa mifugo kutoka wilayani asiyemfahamu mtu yeyote pale. Mapaja meusi, viputo vya hewa ndani ya nyama, vijidudu vilevile chini ya hadubini. Kumi kwa kumi walikufa kwa chambavu. Hakuna aliyekufa kwa kingine.

"Mimi simpendi Daktari," Naibu alisema, "na yeye anajua hivyo. Lakini sumu hakuna. Angekuwa amelala vizuri siku mbili hizi angeliona hilo mwenyewe."

Basi sumu ikafa palepale, na pumba, chumvi na maji vya Stoo vikawa mzigo wa bure. Sajini alifunga daftari lake kwa sura ya mtu aliyeona mlango ukifungwa. Bi Wino alikuwa ameifungua bahasha.

Ndani mlikuwa na hereni kumi zilizokatwa masikioni mwa wafu kabla ya moto. Alizimwaga juu ya karatasi nyeupe, njano huku, nyeupe huku, akatoa lenzi yake. Nyeupe zilikuwa zimechakaa jinsi kitu kinavyochakaa baada ya wiki saba kwenye sikio la ng'ombe: mikwaruzo ya mbao, samadi iliyokaukia kwenye kona, namba zilizofifia. Akahamia za njano. Akazitazama moja moja, akazirudia tena kuanzia ya kwanza. Kisha akamsukumia Sajini lenzi.

Hereni tano za njano ziling'aa. Namba zake zilikuwa nyeusi tititi. Na kwenye moja, namba nne, wino wa kalamu ulikuwa umeburuzwa ukingoni na kitu cha duara chenye mistari membamba.

"Dole gumba," Sajini alisema.

Bi Wino alimuuliza Naibu kama hereni hizi hubadilishwa mnyama akiwa zizini. Naibu alijibu kwamba hazibadilishwi. Haivuliki hereni ile, sharti ukate, na ukikata unaandika. Hakuna aliyeandika.

Kwenye ngazi Inspekta alishuka vidato viwili viwili. Sajini aliyekuwa nyuma yake akihema alijua dalili hiyo, kwa kuwa alishawahi kuiona mara tatu tu katika maisha yake ya kazi, na zote tatu mtu alifungwa.

Walimkuta Daktari maabara, amekaa mbele ya chupa zake kama mtu anayeaga.

"Daktari, nisaidie hesabu," Bi Wino alisema. "Jaribio lingekwenda vizuri kabisa, jinsi ulivyoomba usiku na mchana, ungetazamia wafe wangapi?"

"Kumi. Weupe wote kumi."

"Wamekufa wangapi?"

Daktari alifungua mdomo ajibu kwa hasira, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Alimtazama Inspekta. Akatazama chupa zake.

Bi Wino alimweleza taratibu, maana jambo lenyewe lilikuwa kubwa kwa mtu mwenye njaa. Wamekufa kumi na wamebaki kumi. Tuseme wale kumi waliokufa ndio walewale waliopigwa maji ya chumvi, na waliobaki ndio waliopigwa chanjo. Basi chanjo haikukosea hata kwa mnyama mmoja. Kilichokosea ni plastiki. Mtu aliwavua hereni mitamba watano wa chanjo na watano wa maji ya chumvi, akawavisha mpya, huyu namba ya yule, yule namba ya huyu. Wafu watano wenye njano ing'aayo walikuwa weupe tangu mwanzo.

"Kama ni hivyo," Daktari alisema, "zizini kuna hereni tano nyeupe zinazong'aa."

Walikwenda mbio, Daktari mbele, koti likipepea. Zilikuwepo. Kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano, kumi na nane, ishirini: mitamba watano wazima, wanatafuna, na masikioni hereni nyeupe kama meno ya mtoto. Wengine watano walikuwa na njano zao chakavu. Sajini alizihesabu kutoka nje ya uzio.

Lakini ushahidi wa plastiki inayong'aa haukutosha. Naibu, aliyekuwa amewafuata, ndiye aliyelisema, na alilisema bila furaha: bodi itauliza ni nani anayethibitisha kwamba huyu mwenye kumi na nne ni wa chanjo. Labda hereni yake ilidondoka tu akavishwa nyingine. Daktari alisema damu ingejibu. Kisha akajijibu mwenyewe kwamba haingejibu, kwa sababu wazima wote sasa wamepambana na vijidudu na damu zao zitasema lugha moja. Damu za kabla zipo kwenye barafu, lakini zimeandikwa kwa namba za hereni, na kuzipima ni siku tano.

Saa ilikuwa nne na dakika ishirini.

Bi Wino aliuliza nani aliyewajua ng'ombe hawa kwa sura. Vibarua wawili waliokuwa zizini walianza kazi wiki sita tu zilizopita, na kwao mtamba mwekundu ni mtamba mwekundu. Kabla yao alikuwepo mtunza zizi mwenyewe, Mama Ndama, mwanamke aliyelea ndama wa kituo hiki kwa chupa tangu enzi za mkurugenzi wa kwanza. Aliteleza kwenye saruji iliyolowa siku mbili baada ya chanjo, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu hapo yuko nyumbani na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nyumba ya Mama Ndama ilikuwa mtaa wa tatu nyuma ya soko, chumba na sebule, uani kamba ya nguo. Walimkuta anachambua mchele kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa plasta. Aliposikia kwamba kumi wamekufa aliweka ungo chini, akauliza majina. Si namba. Alikuwa amewapa wote majina, na alipoambiwa kwamba majina hayamo kwenye jalada alisikitika kuliko alivyosikitikia mkono wake.

Bi Wino alimuuliza, shikamoo yake ikiwa bado haijapoa, kama angeletwa zizini leo angewatambua waliobaki.

"Mwanangu, mtu anamsahau aliyemnywesha dawa ya minyoo?" Mama Ndama alisema. "Lakini wewe unataka cha kuwaonyesha wakubwa. Mimi maneno yangu wakubwa wanayaitikia tu, kisha wanafanya yao."

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na daftari kubwa la jalada gumu lililofungwa kwa mpira. Hereni za plastiki hakuziamini, alieleza. Kabla ya kituo hiki alifanya kazi kwenye chama cha wafugaji wa maziwa, ambako ng'ombe aliyekatiwa bima alichukuliwa alama ya pua, maana sikio hukatwa lakini pua haikatwi. Kwa hiyo, siku ya chanjo, kila mtamba alipotoka kwenye sindano yeye alimfuta pua kwa kitambaa, akaipaka wino wa mhuri, akaibandikia ukurasa. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyemwona pia, kwa kuwa wote walikuwa wanatazama sindano.

Bi Wino alifungua ukurasa wa kwanza.

Miaka kumi na minne aliangalia vidole vya wezi, walevi, mabibi harusi wanaotaka pasipoti, na maiti zisizo na mwenyewe. Hiki hakuwahi kukiona. Ukurasa mzima ulijaa pua: vinundu kama maharage yaliyopangwa, mifereji ikipita katikati, kila upande na mkondo wake. Juu, kwa mwandiko wa mtu asiyeandika sana: Njano tatu, Tarumbeta, kachanjwa. Akafunua mwingine. Njano saba, Bi Harusi, kachanjwa. Nyeupe kumi na tisa, Kitenge, maji. Hapakuwa na pua mbili zilizofanana.

"Sajini," alisema, "washa gari."

Mama Ndama alikuwa ameshajifunga kanga ya pili.

Saa tano na nusu kazi ilianza. Mitamba waliingizwa kwenye ile njia nyembamba ya mbao ambamo ng'ombe husimama mmoja mmoja bila kugeuka. Ilihitajika mtu wa nguvu wa kushika kichwa, na mtu wa nguvu pale alikuwa mmoja tu. Sajini alivua kofia, akampa Naibu amshikie, akafumba macho na kukumbatia shingo ya mtamba wa kwanza kama mtu anayeingia maji baridi. Mtamba akamlamba sikio. Sajini alisema maneno fulani ambayo hayakuandikwa kwenye taarifa.

Mama Ndama alifuta pua, kisha akatoa maelekezo: wino kidogo, usisugue, karatasi ianzie chini ipande juu, mara moja tu. Karatasi ya kwanza ilichafuka kwa kamasi. Ya pili ikafifia. Ya tatu ikatoka.

Bi Wino aliiweka mezani chini ya dirisha, kando ya daftari. Sheria yake ilikuwa ileile ya vidole: usitafute kufanana, tafuta tofauti, na ukiishiwa na tofauti ndipo uamini. Mtamba aliyepakwa alivaa nyeupe kumi na nne. Alifungua ukurasa wa nyeupe kumi na nne. Katikati ya pua ya daftari mfereji uligawanyika mara mbili. Kwenye ya leo haukugawanyika. Si yeye. Akaanza kurasa za njano. Moja, hapana. Mbili, hapana. Kwenye tatu alisimama. Kinundu chenye umbo la figo upande wa kushoto, kipo. Vidogo vitatu vilivyobanana chini yake, vipo. Mfereji uliopinda kama kiwiko, upo. Alihesabu pointi kumi na sita kabla ya kuinua kichwa.

"Huyu ni njano tatu," alisema. "Tarumbeta."

"Si nilikwambia," Mama Ndama alisema kutoka mlangoni. "Nimemwona anavyoingia."

Naibu aliomba lenzi. Alitazama kwa muda mrefu, akatoa kalamu ya suti yake, akatia sahihi pembeni ya ile karatasi, na saa, bila kuombwa.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa. Kumi na mbili alikuwa njano tisa. Ishirini alikuwa njano moja. Kumi na tano alisumbua, karatasi tano zikaharibika na shati la Sajini likageuka jeusi, mwishowe akatoka njano nne. Kumi na nane akawa njano sita. Kisha wale watano wenye hereni za njano chakavu, ambao kila mmoja alikuwa ndiye hasa, Bi Harusi miongoni mwao. Watu wa ofisini walianza kushuka. Wapishi wa jikoni wakaja. Kila Bi Wino alipotaja jina, mtu alilipeleka nyuma kwa wenzake, na saa saba kasorobo jina la kumi lilipotajwa hapakuwa na kelele, ila pumzi moja ndefu ya watu wengi.

Waliochanjwa kumi, wazima kumi. Wa maji ya chumvi kumi, wafu kumi.

Daktari alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Naibu alimwendea, akasimama mbele yake, akamwambia kwamba yeye mwenyewe atalipeleka daftari mezani kwa bodi, kwa kuwa likipelekwa na mwenye chanjo watalichambua hadi jioni, na likipelekwa na mwenye kulitaka jengo watanyamaza. Wakapeana mikono, kwa shida, kama watu waliosahau jinsi inavyofanyika.

Bado dole gumba.

Bi Wino aliweka kibweta chake cha wino juu ya meza ileile na kuomba wenye funguo tatu wabaki, wengine watoke. Alieleza kwamba ana alama kwenye hereni ya njano namba nne, nusu ya dole gumba la mkono wa kulia, safi kuliko alizowahi kupelekea watu jela. Kila mmoja wao atapaka wino mara moja, na itachukua dakika kumi. Daktari alinyoosha mkono, akapaka. Naibu alikunja mkono wa suti, akapaka.

Stoo hakunyoosha mkono. Tangu pua ya kwanza alikuwa amesimama karibu na dirisha, na kwa muda wote huo hakuna aliyesikia funguo zake zikilia.

"Haina haja, Inspekta," alisema. "Usiupoteze wino wako."

Kisha akamgeukia kaka yake, na aliyoyasema aliyasema kwake, si kwa polisi. Alimkumbusha mwaka wa tatu wa mradi. Chanjo ya kwanza ilikuwa imefaulu maabara, na Daktari, kwa furaha, aliibeba hadi nyumbani, akawachanja ng'ombe thelathini na mmoja wa baba yao. Vijidudu vya chanjo ile havikuwa vimeuawa sawasawa. Viliamka ndani ya sindano. Katika siku sita zizi likawa tupu. Baba hakugomba na mtu. Alikaa kwenye kiti akitazama zizi lile mwaka mzima, hakuinuka vizuri tena, wakamzika. Daktari alirudi maabara. Stoo aliyebaki ndiye aliyechimba mashimo thelathini na moja, na la thelathini na mbili.

"Nilijua ukifaulu hapa, wiki ijayo uko kwa watu na masanduku yako," alisema. "Ile ya kwanza nayo ulisema iko tayari, kaka. Uliniapia. Nikasema hapana, safari hii ifie hapahapa."

Alikata hereni siku mbili kabla ya mitamba kudungwa vijidudu, vibarua walipokwenda kula. Saa moja ilimtosha.

Daktari alikuwa amesimama. Bi Wino alisogea nusu hatua, maana aliwahi kuona ndugu wakisimama hivyo, lakini Daktari alibaki palepale. Alisema neno moja tu, kwamba mashimo yale angepaswa kuyachimba yeye.

Stoo alitazama meza, daftari lililofunguliwa na zile karatasi kumi za leo zenye pua nyeusi.

"Waliochanjwa," aliuliza, "hakufa hata mmoja?"

"Hata mmoja," alisema Bi Wino. "Pua nimezilinganisha mwenyewe."

Stoo aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Sajini alitoa pingu, akamtazama Inspekta, akazishika tu mkononi. Saa ya ukutani ilisema saba na dakika arobaini. Ghorofani viti vya wajumbe wa bodi vilikuwa vimeanza kuburuzwa.

"Mama yetu nyumbani anao ng'ombe wanne," Stoo alisema. "Chambavu imeshafika kijiji cha jirani, amenipigia juzi. Nikamkataza asikuambie." Alifungua fungu lake, akachomoa ufunguo mmoja mdogo, akauweka mezani mbele ya kaka yake. "Bodi ikikuruhusu, anza kwa wale. Chupa za chanjo ambazo hazijafunguliwa ziko friji ya pili, rafu ya chini. Nilizipima joto asubuhi na jioni, wiki zote saba. Hazijawahi kupita nyuzi nne."